Mtungi wa Pili

Mama yangu alikuwa Mtwa. Sentensi ni fupi, mtoto wa darasa la pili angeiandika bila kufuta, lakini mimi nimeikwepa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na hata leo, kabla ya kufika kwenye nukta, niliinuka kwenda jikoni kuangalia kama birika limechemka. Lilikuwa halijawashwa.

Kwa msomaji asiyetoka upande wetu wa Kivu nieleze kidogo. Watwa ni watu wa msitu. Walikuwepo kabla yetu sote, yaani kabla ya watu wa baba yangu, ambao walikuja na ng'ombe na migomba wakaona msitu hauna mwenyewe. Wengine huwaita mbilikimo, na wakisema hivyo hudhani wametumia neno la adabu. Wanaume wao waliwinda mpaka msitu ulipofanywa hifadhi na kuwekewa walinzi wenye bunduki. Wanawake wanafinyanga. Mitungi yote ya bonde letu, ya maji na ya pombe, hutoka mikononi mwao, lakini mtungi ukishauzwa, Mtwa aliyeufinyanga hatakiwi tena kuugusa kwa mdomo. Hakuna anayekunywa naye kwenye chombo kimoja. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na labda ndiyo sababu haijawahi kuvunjwa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alimpenda mfinyanzi, akamwoa, na tangu siku hiyo ndugu zake hawakula tena nyumbani kwake, hata sikukuu. Mama alipokwenda kwenye misiba na harusi za upande wa baba alibeba kikombe chake cha bati ndani ya mkoba. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni usafi. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kazi ya ofisi Stockholm nikakuta kila mfanyakazi ana kikombe chake kabatini, na ole wake atakayechukua cha mwenzake, nilihisi nimefika kwa wajomba.

Kukana kwangu hakukuhitaji uongo mkubwa. Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi tunaoukodi kule Alby, kusini mwa Stockholm, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo hukaa na kuulizana asili kama watu wa hapa wanavyoulizana hali ya hewa. Mimi nilikuwa na jibu moja. Mama yako mtu wa wapi? Wa milimani. Milimani wapi? Juu. Rafiki yangu mmoja wa Burundi, kiongozi wa kwaya, mwanamke mkarimu ambaye amenipikia kila nilipougua, siku moja alimsema mtu aliyejaza nyama kwenye sahani kwamba anakula kama Mtwa aliyeona harusi. Meza nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na kwa kuwa nimesoma chuo kikuu, nilicheka huku nikizifahamu vizuri nadharia zote zinazoeleza kwa nini sikupaswa kucheka.

Ninaandika insha. Ninaziandika kwa Kiswahili nikiwa Uswidi, maana yake nahitaji kazi nyingine. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifasiri nyaraka za shirika dogo la hapa mjini, lenye vyumba viwili na mmea mmoja usiokufa, ambalo lina mradi wa haki na usalama katika jamii za wenyeji asilia zinazoishi mbali na mahakama. Bonde letu ni moja ya maeneo ya mradi. Mratibu aliponihoji kwa ajili ya kazi aliniuliza kama nawafahamu Watwa. Nilisema nimekua jirani nao. Ilikuwa kweli: mama alilala chumba cha pili kutoka changu.

Mradi ulikuwa mzuri. Nasema hivyo bila kejeli, na wanaonijua wanajua hilo hunipa taabu. Barabara inakoma mbali kabla ya bonde. Bondeni kuna kituo cha polisi chenye komanda na askari mmoja, na chumba cha udongo kinachoitwa kasho. Hakimu yuko mjini, mwendo wa kutwa nzima na zaidi kwa miguu. Zamani mtu akishukiwa wizi aliwekwa kasho mpaka komanda achoke naye, au mpaka jamaa walete kuku, na kitu chochote kilipopotea wa kwanza kushukiwa alikuwa Mtwa. Sheria ya nchi inasema mtu asikae kasho zaidi ya siku mbili bila kufikishwa mbele ya wanaohusika, lakini sheria ile ilikuwa haijawahi kupanda mlima wetu. Mradi uliwafundisha polisi wasipige, waandike, wamweleze mtu kosa lake. Kisha ukaunda baraza la usuluhishi, wazee wa bonde, ili kesi ndogo ziishie hukohuko. Mlalamikaji na mshukiwa wakipatana mbele ya baraza, mwenyekiti anamwarifu komanda, na mtu anatoka siku hiyohiyo. Wasipopatana, kesi inakwenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka mjini.

Mwongozo wa baraza uliandikwa kwa Kiswidi, ukapitia Kifaransa, mimi nikauleta kwenye Kiswahili. Mwishoni ulisema mapatano yakamilishwe kwa kufuata mila za mahali. Watu wa mradi waliokwenda kuuliza mila hizo ni zipi waliuliza kwa heshima kubwa, na waliojibu ni wale waliokuwa wamekalia viti. Kwetu watu wawili wakipatana huwekewa mtungi mmoja wa kasiksi, pombe ya ndizi, kila mmoja anaingiza mrija wake, wanakunywa pamoja mbele ya watu. Pasipo hilo hakuna mapatano, kuna maneno tu. Niliifasiri sehemu hiyo alasiri moja, nikajipongeza kwa jinsi sentensi ilivyotiririka, kisha nikaenda kunywa kahawa na wenzangu. Haikunijia hata kidogo. Binti wa mwanamke aliyebeba kikombe mkobani alifasiri mtungi mmoja kwa watu wawili, akaenda kutafuta biskuti.

Simu ya kwanza ilinikuta kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo letu la mtaa wa Rissne. Wanaoishi kwenye majengo haya wanajua kwamba zamu ya kufulia haichezewi, ukiipoteza utavaa ulichonacho. Chini kule mtandao ni dhaifu, na aliyenipigia, dada yangu, binti wa mama mdogo, alikuwa amepanda kilima ili aupate wa upande wake. Tukawa tunaulizana "unanisikia?", mmoja akiwa shimoni na mwingine kileleni, kila mmoja akimtaka mwenzake asogee. Niliacha mashine zinazunguka nikatoka uani.

Dada huniita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Alisema, "Yaya, bamemufunga mujomba."

Mjomba tuliyebaki naye ni mmoja, kitinda mimba wa bibi. Mbuzi wa jirani alikuwa amepotea, na siku hiyo mjomba alionekana akipita na mzigo mgongoni uliofungwa kwa majani. Ulikuwa udongo wa kufinyangia, anamchukulia dada huyuhuyu aliyenipigia. Mwenye mbuzi alilitaja jina lake kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, komanda akamweka kasho.

Naona haya kusema nilichohisi. Nilihisi fahari. Nilimwambia dada asihofu, siku hizi kuna baraza, kuna utaratibu, polisi wamefundishwa, mwongozo nimeufasiri mwenyewe. Nilimweleza hatua zote pale uani, nimevaa ndala za ndani kwenye theluji inayoyeyuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu huyo. Kisha akanieleza kwamba baraza lilikuwa limeshakaa.

Lilikaa vizuri. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Mwenye mbuzi alikiri hana hakika, mbuzi mwenyewe alikuwa mzururaji, na yuko tayari kusamehe. Mjomba akasema naye hana kinyongo. Wazee wakaridhika, mtungi ukaletwa katikati. Mwenye mbuzi akautazama mtungi, akamtazama mjomba, akaurudia mtungi. Akasema kusamehe amesamehe, lakini akinywa pale, kesho nani atakunywa naye? Nyumbani atapewa chakula kwenye chombo gani? Dada alisisitiza kwamba hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba asitumwe kwenye mvua. Mwenyekiti akangoja, watu wote wakangoja, na ilipoonekana kungoja hakuleti kitu wakaahirisha, mjomba akarudishwa kasho.

Nikauliza komanda anasemaje.

"Komanda amekuwa mutu muzuri sana, yaya," alisema dada. "Hapigi tena. Anamupa mujomba maji. Anasema zamani angemupiga makofi mbili na kumwachilia, ila sasa amesoma."

Niliporudi chini zamu yangu ilikuwa imekwisha. Jirani alikuwa amezitoa nguo zangu mbichi mashineni na kuzipanga kwenye kikapu, zimekunjwa vizuri. Katika jengo letu hilo ni karipio kali.

Majuma yaliyofuata niliishi na simu sikioni. Nilimpigia wakili mmoja wa mjini kwetu, mlio wake ulikuwa wimbo wa kanisa na nilipiga mpaka nikazijua beti zake zote. Alipopokea alisema kesi haijafika parke, na yeye hawezi kumtetea mtu katika kesi isiyokuwepo. Nikapiga parke. Waliniambia jambo liko mbele ya baraza na wao wanaliheshimu baraza, walikuwa wamehudhuria semina. Mwishowe nikazungumza na komanda mwenyewe kwa simu ya dada. Aliniita mama, akaniuliza hali ya Ulaya, akanisomea sehemu ya mwongozo inayohusu mapatano. Ilikuwa ile sentensi yangu, na aliisoma vizuri, anapumzika panapostahili.

Nilimwambia sheria ya siku mbili iko juu ya mwongozo wowote. Akasema anaijua, mama, anaijua sana. Lakini akianza kupeleka mjini kila mtu wa mbuzi, baraza litakuwa la kazi gani? Halafu njia ile, na mvua hizi, na huko mjini mtu huingia gerezani akasahaulika. Hapa angalau mzee anakula chakula cha mpwa wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa polisi wa zamani, yule wa makofi, hasira zangu zote zilishonwa kwa kipimo chake.

Basi nikafanya ninachokijua, nikaanza makala kali. Sentensi ya kwanza ilinichukua siku nyingi. Ilikuwa sentensi nzuri, na wakati nikiinyoosha mjomba alikuwa ameanza kukohoa. Binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini nazungumza na polisi kila jioni. Nilimjibu ni mambo ya kazi. Yeye pia alikuwa hajui bibi yake alikuwa nani. Aliamini ametoka kwa watu wa milimani, na shuleni aliwahi kuchora mlima.

Nilimwambia mratibu wa mradi siku ya Jumatatu, ofisini, tukiwa wawili. Ni Mswidi, mdogo kwangu kwa umri, mwenye bidii, aliyekwishafika bondeni kwetu kwa miguu yake na kurudi na malengelenge ambayo hakuyalalamikia. Nilimweleza kwanza habari za mtungi, kwa kirefu, kama mtaalamu. Aliandika, akaitikia kwa kichwa, akaniuliza nimejuaje. Nikasema mama yangu alikuwa Mtwa na anayekohoa kasho ni mjomba wangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitamka sentensi hiyo kwa sauti, na nilijichagulia lugha ambayo ndani yake neno lile halina harufu yoyote. Hata ushujaa wangu nilikuwa nimeutafutia punguzo.

Alinyamaza ule unyamavu wa hapa, ambao ni adabu, ingawa ilinichukua miaka kuutofautisha na hasira. Kisha akanishukuru kwa kumwamini. Nadhani alitaka kunishika mkono, akaona labda nisingependa, akausogeza mkono wake hadi katikati ya meza ukakaa hapo.

Tukaanza kutafuta njia. Tukisema mtungi uondolewe kabisa, wazee watatoka barazani, maana waliahidiwa kwamba mila zao zitaheshimiwa, na ahadi hiyo ndiyo iliyowaleta. Tukisema mwenye mbuzi alazimishwe kunywa, nani amlazimishe? Mratibu alisema kwa uzito kabisa kwamba shirika la Uswidi haliwezi kumwamuru mtu wa Kivu anywe pombe. Tukatazamana, na nusura tucheke. Tukimwambia komanda amwachilie tu, tutakuwa tumemfundisha kufuata utaratibu isipokuwa pale tunapompigia simu. Kila mlango tulioufungua ulikuwa na ukuta nyuma yake, na ukuta huo tulikuwa tumeujenga wenyewe, kwa nia njema na kwa lugha tatu.

"Wewe ungefanyaje?" aliniuliza.

Nikasema mitungi miwili. Mmoja wa mwenye mbuzi, mmoja wa mjomba, baraza moja, wanywe kwa pamoja. Ilinitoka bila kufikiri, kama mtu anavyotaja mtaa aliokulia. Mratibu aliinuka akaandika ubaoni. Akasema hilo ndilo suluhisho linaloweza kutoka kwa mtu wa ndani peke yake, na sikumpinga, maana lilikuwa kweli kuliko tulivyodhani wote wawili. Nilikuwa nimelelewa na kikombe cha pembeni. Kwa macho yangu kikombe cha pembeni kilikuwa njia ya kukaa karamuni.

Jioni ile katika treni ya chini ya ardhi nilikaa nimenyooka kama mtu mwenye manufaa. Siku chache baadaye nyongeza ya mwongozo ilikuwa tayari: pale ambapo mila haziruhusu pande mbili kutumia chombo kimoja, kila upande upewe chombo chake. Niliifasiri mwenyewe. Nilijaribu kuifanya isikike laini.

Nilipompigia dada kumpa habari njema, akasema sawa, yaya. Aliuliza mtungi wa pili utatoka wapi. Nikamwambia yeye si mfinyanzi? Akasema sawa tena. Niliisikia namna alivyosema sawa, nikaamua ni mtandao.

Tena nilikuwa na sababu ya kutokuwa na wasiwasi juu ya mjomba. Siku ya kumzika mama, watu wa baba walimwekea mjomba chakula chake nje, karibu na uzio, juu ya jani la mgomba. Ndugu wa marehemu, amezikwa dada yake wa tumbo moja, naye anakula kwenye jani kando ya uzio. Alikula, akanawa, akawashukuru wenyeji. Nilimfuata kumwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, kwa hotuba niliyokuwa nimeitunga tangu asubuhi. Aliniacha niimalize, akasema nyama ilikuwa imeiva vizuri. Kwa hiyo nilijiona namjua mjomba wangu. Mtu aliyekubali jani hawezi kukataa mtungi.

Simu iliyolimaliza jambo ilinikuta stesheni ya Spånga, juu kwenye jukwaa, nikisubiri treni ya kwenda mjini. Ilikuwa asubuhi, upepo unapenya kola, na kipaza sauti kinatangaza ucheleweshaji kwa sauti ya mtu asiyehusika. Nilipoona ni dada nilijisogeza nyuma ya mashine ya tiketi, nikaweka kidole kwenye sikio la pili.

Alisema baraza lilikaa jana. Nikauliza mitungi ilikuwepo?

"Yote mbili," akasema. "Mukubwa waliuweka katikati. Mudogo waliuweka pembeni, karibu na mulango. Ule mudogo niliufinyanga mimi."

Kisha akanisimulia yaliyotokea. Kabla ya kunywa, mwenyekiti aliisoma nyongeza kwa sauti, akasema imetoka Ulaya, kwa watu wanaowatetea Watwa, na kwamba kuanzia siku hiyo kesi ya Mtwa yeyote wa bonde lile itamalizwa hivyo. Wazee wakapiga makofi, kwa furaha ya kweli, jambo lilikuwa limewachosha. Mwenye mbuzi akainama akanywa, akakaa pembeni akisubiri kwa uso wa kirafiki. Watu wakamgeukia mjomba. Alikuwa amesimama kati ya mitungi ile, amekonda, blanketi begani. Akauliza kama watoto wa wapwa zake nao watawekewa mtungi karibu na mlango. Mwenyekiti akasema ndiyo, sasa ni haki yao, imeandikwa.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kunywa peke yangu ninajua. Nimekunywa peke yangu tangu nizaliwe, bila karatasi.' Akaketi chini. Komanda akamubembeleza. Mimi nikamubembeleza, yaya, nikapiga magoti. Akakatala."

Treni yangu ilikuja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaenda. Nilimuuliza dada kama mjomba alijua wazo lile lilitoka kwa nani. Nilijua sipaswi kuuliza, na kwamba haikuwa na maana yoyote kwa mtu aliye kasho, nikauliza hivyohivyo.

"Nilimwambia mbele ya baraza," alisema. "Nilifikiri atafurahi kusikia ni wewe."

"Akasemaje?"

"Alisema wewe ni mtoto wa dada yake, umelelewa vizuri."

Niligeukia ukuta. Hapo ningeweza kusema mengi. Nimeandika kurasa nyingi juu ya heshima ya mtu, baadhi yake zinafundishwa. Nilichosema ni hiki: "Mwambie anywe. Mara moja tu, hata akitema baadaye. Atoke kwanza, aende hospitali, halafu mimi nitaandika, nitawaambia waifute ile nyongeza. Nenda sasa hivi umwambie anywe."

Simu ikakwaruza. Nikadhani amepotea mtandaoni, nikalitaja jina lake.

"Niko, yaya," akasema. "Wameshaondoka. Komanda amemuchukua leo alfajiri, wanaenda naye mujini. Anasema baraza limeshindwa, sasa ni parke, njo sheria inavyosema."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Hakumufunga kamba. Niliwafuata mupaka kwenye mianzi, mujomba akanirudisha."

Nikauliza kama hakimu yupo. Alisema wapita njia wa juzi walisema hakimu alihamishwa, na mwingine hajaja, na haijulikani atakuja lini. Nikauliza kama mjomba anakohoa bado, akasema anakohoa. Nikauliza anakula nini njiani. Alisema amewafungia viazi, vyake na vya komanda. Sikuwa na swali jingine ambalo jibu lake lingenisaidia kufanya kitu, lakini niliendelea kuuliza, juu ya viatu, juu ya mto kama umejaa, naye akaendelea kunijibu kwa upole, kama mtu anayemliwaza mgonjwa. Kisha akasema mawingu yanashuka na lazima ateremke kilimani kabla mvua haijamkuta, nami nikamwambia sawa, teremka.